Omo imara, ubavu dhaifu: kisa cha meli Endurance

Tarehe 5 Machi 2022, mita 3,008 chini ya Bahari ya Weddell kule Antaktika, chombo cha kupiga mbizi kisicho na mtu ndani kiliizunguka tezi, yaani sehemu ya nyuma, ya meli iliyokuwa imelala gizani kwa miaka 106. Taa zake ziliangaza herufi tisa zilizopangwa kwa mzingo: ENDURANCE. Siku chache baadaye picha ile ikaenea dunia nzima, na wengi wakalitazama jina. Mimi nilibaki kuitazama nyota ya pembe tano iliyo chini yake.

Nyota ile haikuwekwa na Ernest Shackleton, mpelelezi wa Antaktika aliyeipeleka meli hiyo kusini. Ilikuwepo kabla yake. Meli ilipoteremshwa majini huko Sandefjord, Norwe, tarehe 17 Desemba 1912, iliitwa Polaris, jina la Nyota ya Kaskazini, na alama ya jina hilo ikatiwa kwenye tezi. Shackleton alipoinunua alibadili jina akachukua la wito wa ukoo wao, usemao kwa ustahimilivu tunashinda. Nyota akaiacha. Na si nyota peke yake iliyobaki: mwili mzima wa meli ulibaki vilevile ulivyokuwa umeundwa, kwa kazi nyingine na barafu ya namna nyingine.

Kwa zaidi ya miaka mia moja Endurance imesifiwa kuwa huenda ndiyo iliyokuwa meli ya mbao imara kuliko zote za zama zake, ukiiondoa Fram ya Wanorwe. Sifa hiyo ilizaa maelezo mawili ya kuzama kwake. La kwanza ni kwamba barafu ya Weddell ilikuwa kali mno na hakuna chombo ambacho kingeistahimili. La pili ni kwamba meli ilikuwa na kasoro moja tu, usukani, na barafu ilipoung'oa ndipo maji yakaingia. Mwaka 2025 Jukka Tuhkuri, profesa wa mambo ya barafu na meli katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, ambaye mwenyewe alikuwemo katika safari iliyoipata meli hiyo, alichapisha uchambuzi wa muundo wake pamoja na shajara na barua za wakati ule. Maelezo yote mawili hayakusimama. Kilichonishughulisha zaidi ni kwamba haikuhitajiwa elimu ya karne hii kuyajua hayo. Shackleton alikuwa ameshayajua kabla hajang'oa nanga.

Meli ya watalii

Polaris ilikuwa wazo la watu wawili. Mmoja ni Adrien de Gerlache, Mbelgiji ambaye mwaka 1898 meli yake Belgica iliganda Antaktika ikakaa huko majira yote ya baridi, ya kwanza kufanya hivyo. Wa pili ni Lars Christensen, tajiri wa biashara ya nyangumi. Walitaka kuwachukua watu wenye fedha zao kwenda kutalii na kuwinda dubu weupe kaskazini. Kwa hiyo meli ilikuwa na vyumba kumi vya abiria, ukumbi mpana wa kulia, chumba cha kuvutia sigara, taa za umeme, na hata chumba cha giza ili mgeni asafishe picha zake mwenyewe. De Gerlache akaishiwa, biashara ikafa kabla ya safari ya kwanza, na Christensen akabaki na meli mpya isiyofaa kubeba mizigo, maana ngama yake, nafasi ya chini ya kuwekea shehena, ilikuwa ndogo, wala haikufaa kuvulia nyangumi.

Shackleton alikuwa akitafuta meli ya kumfikisha Bahari ya Weddell ili avuke bara la Antaktika kwa miguu na mbwa, kutoka pwani moja mpaka nyingine. Fedha zilikuwa za kuchangisha: serikali ya Uingereza ilitoa pauni 10,000, Dudley Docker 10,000, na James Caird, tajiri wa viwanda vya juti wa Dundee, 24,000. Christensen akamuuzia kwa bei ya hasara. Mtu anayehesabu senti, aliyeahidi kuondoka kabla kiangazi cha kusini cha 1914 hakijampita, akipewa meli mpya inayong'aa kwa bei hiyo, ni vigumu kuikataa. Hata hivyo ubovu wa mpango haukuwa katika bei.

Tuitazame kazi ya mafundi kwanza, maana si haki kuidharau. Mchoro ulikuwa wa Ole Aanderud Larsen, na uundaji ukasimamiwa na Christian Jacobsen, ambaye kwa sifa yake alikuwa akiajiri mafundi waliokwisha kusafiri baharini kwenye meli za nyangumi na sili. Mkuku, uti wa mgongo wa meli upitao chini ya tumbo, ulikuwa wa vipande vinne vya mwaloni vilivyolazwa kimoja juu ya kingine, kimo chake jumla kikapita mita 2. Mbavu za meli zilikuwa na unene wa sentimita 46 mpaka 76. Mataruma, miti ya kiunzi inayoshikilia mbao za ubavuni, yalipangwa kwa kukaribiana, mengi kiasi cha mara mbili ya meli ya kawaida. Nje, juu ya mbao, wakapigilia ganda la mti mgumu wa Guyana ambao barafu haiukwaruzi kwa urahisi. Na omo, mahali ambapo meli ingekutana na barafu uso kwa uso, ilikuwa na unene wa mita 1.32, kila ubao ukiwa umetolewa katika mwaloni mmoja ulioota ukiwa umejipinda kwa mpindo uleule uliotakiwa.

Hebu rudia kuisoma ile omo. Mita moja na robo na ushei ya mwaloni. Hapo ndipo fundi alipoweka moyo wake, na hapo ndipo siri ya chombo hiki ilipo. Meli hii iliundwa kuivamia barafu. Huko kaskazini, ukingoni mwa eneo la barafu ambako watalii wangewinda dubu, mabamba ya barafu yanaelea na nafasi ya maji kati yake. Nahodha anarudi nyuma, anaongeza mvuke, anaigonga, inapasuka, anapita. Kwa kazi hiyo Endurance ilikuwa hodari, na katika wiki sita za mwanzo ilithibitisha hivyo. Ilitoka kisiwa cha Georgia Kusini tarehe 5 Desemba 1914 na ikajipenyeza kusini siku baada ya siku, Frank Worsley, nahodha wake kutoka New Zealand, akiifurahia kazi ya kugonga na kupasua.

Barafu kuivamia meli ni jambo jingine kabisa. Mzigo hauji mbele, unakuja ubavuni, pande zote mbili kwa pamoja, polepole, na hauna haraka ya kwenda popote. Omo nene haina msaada hapo. Kinachotakiwa ni vitu viwili: umbo la kuchoropoka, au viungo vya ndani vya kuzuia mbavu zisikutane.

Miezi kumi kwenye jiliwa

Bahari ya Weddell ni ghuba kubwa ambayo maji yake huzunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Barafu inayoganda kusini husukumwa magharibi mpaka inakutana na Rasi ya Antaktika, ukuta mrefu wa milima. Haina pa kutokea ila kaskazini. Kwa hiyo inarundikana, bamba linapanda juu ya bamba, na upepo ukiisukuma kutoka mamia ya kilomita, nguvu yote hiyo inasafirishwa ndani ya barafu mpaka ikute kitu kilicho laini kuliko yenyewe.

Katikati ya Januari 1915, karibu na latitudo 76°30' kusini, ikiwa imebaki kama siku moja tu ya safari kufika Ghuba ya Vahsel walikotaka kushuka, upepo wa kaskazini mashariki uliifunga barafu ikiizunguka meli. Katikati ya Februari walijaribu kuikata kwa misumeno na sululu. Maji waliyoyafungua usiku yaliganda asubuhi. Tarehe 24 Februari Shackleton akaondoa zamu za kawaida za baharini, meli ikageuka nyumba ya kupitishia baridi. Mabaharia wakahamia chini ya sitaha, wakapaita Ritz, kwa jina la hoteli ya kifahari. Mapema Mei jua likazama, halikuonekana tena mpaka mwishoni mwa Julai.

Wakati wote huo meli ilikuwa salama kwa sababu barafu iliyoishika ilikuwa bamba moja zima, mithili ya kito ndani ya pete. Balaa ilianza bamba lilipopasuka. Kuanzia mwishoni mwa Julai vipande vilisogea, vikasagana, na matuta ya barafu yakaanza kutembea kuelekea kwenye meli. Tarehe 18 Oktoba meli ilisukumwa ikalala ubavu wa kushoto kwa pembe ya digrii 30. Mbwa, vibanda vyao, sleji na watu vikaserereka upande mmoja. Usiku uleule barafu ikaachia, meli ikasimama tena.

Hapo pana jambo ambalo mtu wa pwani yetu atalielewa kwa haraka. Chombo chenye mkuku mrefu kikipwelewa mchangani hakikai wima; kisipotiwa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, hulala ubavu. Mkuku wa Endurance, fahari ya mafundi wa Sandefjord, ulikuwa umechomoza chini ya tumbo. Barafu ilipoiinua meli, mkuku haukuipa pa kukalia. Na barafu iliyopita chini ilipata kitu cha kushika.

Tarehe 24 Oktoba matuta matatu yalikutana kwenye meli. Bamba moja lilibana tezi, fashini ya nyuma, yaani nguzo iliyobeba usukani, ikapindwa, na ncha za mbao zilizounganishwa nayo zikaachana. Maji yakaingia. Harry McNish, seremala Mskoti aliyepita kidogo umri wa miaka 40, akaingia kwenye maji ya barafu yaliyomfika kiunoni, akaanza kujenga ukuta wa mbao ndani ya meli, kiasi cha mita tatu mbele ya fashini, ili sehemu ya nyuma ijae peke yake na nyingine ibaki kavu. Alikalafati nyufa kwa vipande vya mablanketi yaliyochanwa, akapigilia mbao juu yake. Wakati huohuo bomba la kunyonya maji liligundulika kuwa limeganda, na Worsley na wenzake wawili wakajipenyeza kwenye stoo ya makaa, gizani, mbao zikilia masikioni mwao, kulimwagia maji ya moto mpaka likazibuka. Watu wakapiga bomba kwa zamu usiku kucha.

Na ilifaa. Hili wasimuliaji wengi wanalipita mbio. Maji yaliyoingia kwa nyuma yalidhibitiwa. Ukuta wa McNish uliyapunguza, mabomba yakayakabili, na kwa siku mbili na zaidi meli ilielea ikiwa na tezi iliyoharibika. Tarehe 26 jioni pengwini wakubwa wanane walitoka kwenye ufa wa barafu, wakaja karibu na meli wakasimama, wakatoa milio ambayo wazee wa bahari waliokuwa sitahani hawakuwahi kuisikia kwa ndege hao. Baadhi ya mabaharia walikata tamaa tangu hapo.

Tarehe 27, baridi ikiwa nyuzi zaidi ya 22 chini ya sifuri, barafu ilirudi. Bamba likapita kwa kukata nyuma ya tezi, likaondoka na usukani na fashini. Barafu ikalegea kidogo, meli ikatua, kisha ikabanwa tena. Safari hii darumeti, mihimili inayobeba sitaha, zilikatika, sitaha ikabenuka kwenda juu, na maji yakapanda kutoka chini kwa namna ambayo hapakuwa na ukuta wa kujenga. Shackleton akaamuru watu washuke. Kutoka ilipokamatwa, barafu ilikuwa imeibeba zaidi ya digrii saba za latitudo kuelekea kaskazini.

Usukani ulisingiziwa

Ukiyapanga matukio hayo kwa tarehe, maelezo ya usukani yanadhoofika yenyewe. Pigo la tezi la tarehe 24 lilikuwa jeraha la kutibika, na walilitibu. Kilichoiua meli siku tatu baadaye ni kubanwa mbavu na kung'olewa chini. Hesabu za Tuhkuri zinafika hapohapo: nguvu za barafu iliyobana ziliupasua mkuku na kuuondoa, na kiunzi kisichokuwa na mihimili ya kutosha kikakubali. Usukani ulikuwa sehemu tu ya yale yaliyovunjika.

Udhaifu wenyewe unatajika kwa majina. Darumeti na mataruma vilikuwa dhaifu vikilinganishwa na meli nyingine za kazi ile. Chumba cha mitambo kilikuwa kirefu kupita cha wenzake, kwa hiyo sehemu kubwa ya ubavu ilikosa kitu cha kuushikiza. Na hapakuwa na mihimili ya mshazari ndani, ile inayotoka ubavuni chini ikapanda kwa mteremko kushikilia sitaha, kama miguu ya kenchi ya paa inavyoshikizana. Unene wa mbao ulikuwepo. Kilichokosekana ni kitu cha kuzuia ukuta mnene mmoja usimfuate mwenziwe.

Mizani ya kupimia ilikuwepo pia, imeegeshwa Norwe. Mwaka 1881 meli ya Kimarekani, Jeannette, ilikandamizwa na barafu kaskazini ya Siberia ikazama. Miaka mitatu baadaye vitu vyake vilikutwa pwani ya Greenland, vimebebwa na barafu. Fridtjof Nansen akaiona njia: aunde meli itakayojikabidhi kwa barafu kwa hiari na kubebwa nayo. Colin Archer wa Larvik akamuundia Fram, iliyoteremshwa Oktoba 1892. Urefu wake mita 39, upana mita 11. Linganisha na Endurance: urefu mita 44, upana mita 7.6. Moja ni bakuli, nyingine ni mwiko. Fram ilikuwa na tumbo la mviringo, mkuku wake ulichomoza sentimita chache tu nje ya mbao, na usukani pamoja na rafadha viliweza kupandishwa ndani kupitia kisima. Ndani ilijazwa mihimili mpaka pakawa kama msitu.

Bana kokwa la embe lililonyonywa kati ya vidole viwili: linachoropoka. Hiyo ndiyo hesabu ya Archer. Fram iliganda Septemba 1893, na mwanzoni mwa Januari 1895 tuta la barafu lilipanda ubavu wa kushoto mpaka likaanza kumwagika juu ya sitaha. Wanaume walilala na nguo, vyakula vikashushwa barafuni, kila mtu akawa tayari kuihama meli. Kisha meli ikajikwanyua, ikainuka. Ilitoka barafuni Agosti 1896, karibu miaka mitatu, mzima wa mbao na watu.

Sharti nikiri upande wa pili. Fram ilikuwa chombo kibaya cha baharini. Kwenye mawimbi ilibiringika mpaka mabaharia wakongwe wakatapika. Mtalii aliyelipa fedha nyingi asingekubali kulala humo. Aliyechora Polaris alichora meli nzuri kwa wateja alioambiwa. Kosa halikuwa la mchoraji wala la Jacobsen.

Mtu anaweza kusema Fram ilikuwa kaskazini, na barafu ya Weddell ni nyingine. Ndiyo maana mfano wenye uzito zaidi ni Deutschland. Ilikuwa meli ya Kinorwe iliyoitwa Bjørn, na Shackleton mwenyewe aliitamani kwa safari yake ya 1907, akashindwa bei, akanunua Nimrod iliyokwisha kuzeeka kwa uwindaji wa sili. Bjørn ikaja kununuliwa na Mjerumani Wilhelm Filchner, na akaiita Deutschland. Filchner alipokuwa akiiandaa, Shackleton alimshauri aitie mihimili ya mshazari. Akaitia. Mwaka 1912 Deutschland ilikamatwa na barafu katika Bahari hiyohiyo ya Weddell, ikabebwa kama miezi minane, ikabanwa, na Novemba ikatoka ikiwa inaelea.

Miaka miwili baadaye aliyetoa ushauri akaenda bahari ileile na meli isiyokuwa na mihimili ile.

Wala si kwamba hakuikagua meli yake. Oktoba 1914, akiwa Buenos Aires njiani kwenda kusini, alimwandikia mkewe Emily kwamba kwa uundaji meli hii haina nguvu za Nimrod, na kwamba angekuwa tayari kuibadilisha na ile kuukuu wakati wowote, ila kwa starehe. Alimtuliza kuwa itapita tu kwenye barafu. Nimerudia mara kadhaa kuifikiria barua hiyo. Nimrod iliundwa 1867. Mtu anapotamani chombo cha karibu miaka 50 badala ya kipya kilichomaliza miaka miwili, si woga wa kawaida wa safari. Ni jicho la mtu wa bahari lililokwisha kupita ndani ya ngama na kuona kilichokosekana.

Kwa nini basi hakuitia mihimili? Barua haisemi. Ninavyoona mimi, jibu linakaa katika ratiba na mkoba. Meli ilitoka Plymouth tarehe 8 Agosti 1914, siku nne baada ya Uingereza kuingia vitani. Kufungua tumbo la meli na kuisuka upya ni kazi ya gatini, ya wiki nyingi, yenye gharama, na kiangazi cha kusini hakimngojei mtu. Aidha mpango wake haukuwa kukaa barafuni. Alitaka meli ipenye, ishushe watu na mbwa, iondoke. Kwa mpango huo omo nene ilitosha. Alicheza kamari kwamba meli haitabanwa, katika bahari ambayo miaka miwili kabla ilikuwa imeibana meli aliyoishauri mwenyewe. Sisemi kwamba mihimili ingeiokoa kwa hakika. Barafu ya mwaka mmoja si ya mwaka mwingine, na Deutschland moja haithibitishi kila kitu. Ila kusema kwamba hakuna aliyejua, hilo halisemeki.

Jinsi sifa ilivyozaliwa

Baada ya watu kushuka, meli haikuzama mara moja. Barafu iliyoivunja ndiyo iliyoishikilia, kwa zaidi ya wiki tatu, maji yakiwa yamejaa ndani. Walirudi kila siku kuichokonoa. Walikata sitaha kwa mashoka na nyenzo, masanduku ya unga na sukari yakaibuka. Frank Hurley, mpiga picha Mwaustralia, alivua nguo akapiga mbizi kwenye uji wa barafu kutoa makopo yenye vioo vyake vya picha. Kisha yeye na Shackleton wakakaa barafuni wakichagua kioo kimoja kimoja. Kama 120 vikabaki, na mamia vilivyokataliwa vikavunjwa palepale ili moyo usije ukageuka.

Tarehe 21 Novemba 1915, wakiwa kambini kiasi cha kilomita mbili na nusu, waliiona tezi ikiinuka, na meli ikaenda kwa omo. Mawingu yalimzuia Worsley kupima jua siku ile, akapima kesho yake na kukadiria: 68°39' kusini, 52°26' magharibi.

Yaliyofuata yanasimuliwa kila mahali, nami nitayapita. Watu 28, mashua tatu, Kisiwa cha Elephant, kisha wanaume sita katika mashua James Caird mpaka Georgia Kusini, na tarehe 30 Agosti 1916 Luis Pardo wa Chile akafika na meli Yelcho kuwachukua 22 waliobaki. Wote 28 walirudi hai. (Kundi lililotumwa upande wa pili wa bara kuweka akiba ya chakula lilipoteza watu watatu, na mara nyingi husahauliwa.) McNish, aliyeizuia bahari kwa mablanketi na baadaye kuzipandisha mbavu za James Caird ili istahimili mawimbi, alinyimwa nishani kwa kuwa aliwahi kumgomea Worsley barafuni.

Naona sifa ya nguvu za Endurance ilitokana na wokovu huo kuliko na mbao. Kisa cha ushujaa kinataka adui asiyeshindika. Meli ikiwa imara kuliko zote, basi kuvunjika kwake ni uwezo wa barafu, na kiongozi anabaki na yale aliyoyafanya baada ya hapo, ambayo kwa kweli yalikuwa makubwa. Meli ikiwa na upungufu uliojulikana, kuna sura inayoanza kabla, gatini, na sura hiyo haipendezi kusimulia. Hurley naye alisaidia: picha zake za usiku, meli imemulikwa kwa miale ya baruti huku kamba zote zikiwa nyeupe kwa jalidi, zinaonyesha chombo chenye fahari. Kamera haiingii kwenye chumba cha mitambo kuhesabu darumeti.

Kwenye matope

Safari iliyoipata ilitoka Cape Town Februari 2022 kwa S.A. Agulhas II, meli ya Afrika Kusini ya kuvunjia barafu, chini ya nahodha Knowledge Bengu. Mabaki yalikutwa kama maili nne za baharini kusini mwa pale Worsley alipopakadiria, kosa dogo kwa mtu aliyepima kwa sekstanti akiwa amesimama juu ya bamba linalotembea. Hakuna miti Antaktika, na pasipo miti hakuna mdudu wa baharini alaye mbao. Kwa hiyo rangi ya ubavu bado inaonekana, gurudumu la usukani bado limesimama, na ile nyota bado inang'aa chini ya jina.

Meli imekaa wima. Kwa sheria ya Mkataba wa Antaktika ni mahali pa kumbukumbu pasipoguswa, na mwaka 2024 mpaka wa ulinzi ulipanuliwa kutoka mita 500 mpaka 1,500 kuizunguka. Kamera zilipita juu, mbele, nyuma na ubavuni, kila upande. Tumbo lenyewe, mahali mkuku ulipokuwa, limezama kwenye matope.